Mnada wa Jezi Kuukuu: Tunanunua Nini Hasa?



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu, Dominika ya Shukrani ya Mavuno inakaribia, na kama ilivyo desturi yetu hapa Ilomba, baada ya Misa tutabaki uwanjani kwa ajili ya mnada. Kuku, mikungu ya ndizi kutoka Tukuyu, magunia ya mahindi, viazi vya Uporoto, mchele wa Kyela, hata mayai matatu yaliyofungwa katika kitambaa: vyote hivyo tumezoea kuviona vikinadiwa mbele yetu. Mwaka huu vijana wetu wa VIWAWA wameleta ombi jipya. Wanataka iwekwe meza ya pili, na juu yake vinadiwe vitu vya kumbukumbu za michezo: jezi za zamani, picha za timu, mipira yenye sahihi za wachezaji, tiketi za mechi ambazo watu walizitunza katika vitabu vyao. Fedha zitakazopatikana ziende katika mfuko wa matibabu ya wazee wasio na ndugu wa kuwasaidia.

Ombi hilo limezua mjadala katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Wapo wanaouliza ni nani mwenye akili timamu atakayenunua jezi iliyochakaa, wakati Mwanjelwa na SIDO kuna mitumba mizuri kwa bei nafuu. Wapo wanaoona kwamba ushabiki wa mpira usivuke lango la kanisa. Na wapo, hasa vijana, wanaosema kwamba katika nchi nyingine vitu vya namna hii huuzwa kwa mamilioni, na sisi tumekaa juu ya hazina bila kujua. Halmashauri ya Walei imetuomba tutoe maoni, nasi tunayatoa hapa ili kila mmoja ayapime kabla ya kikao.

Maoni yetu kwa ufupi ni haya: mnada huo ufanyike, kwa masharti matatu tutakayoyaeleza. Lakini kati ya vitu vilivyokwisha kuletwa kuna kimoja ambacho tunashauri kisiondoke mikononi mwa mwenyewe, hata kama ndicho kingeleta fedha nyingi kuliko vyote. Ili tueleweke, yatupasa kwanza kuitazama biashara hii ilivyo huko ilikoshamiri.

Nchini Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kampuni za tumbaku zilianza kutia katika pakiti za sigara kadi ndogo za karatasi ngumu zenye picha za wachezaji wa besiboli. Kadi hizo ziliwavutia wateja na kuzuia sigara zisipondeke. Watoto walizikusanya, wakabadilishana, wakacheza nazo mitaani. Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco Company ilitoa mfululizo ambao wakusanyaji leo wanauita T206, na ndani yake ilikuwamo kadi ya mchezaji mashuhuri Honus Wagner. Kadi yake iliondolewa mapema. Wengine husimulia kwamba Wagner hakupenda watoto wanunue tumbaku ili wapate picha yake; wengine husema alitaka alipwe. Vyovyote iwavyo, zilizobaki ni chache, hazizidi sana hamsini au sitini zinazojulikana, na mwaka 2022 mojawapo iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Mwaka huohuo wa 2022, mwezi Agosti, kadi nyingine ya besiboli, ya mchezaji Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Aliyeiuza alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Jambo la kutafakarisha ni kwamba mtumishi mmoja wa Topps alisimulia jinsi mnamo mwaka 1960 kampuni hiyo ilivyoyapakia katika mashua masanduku ya kadi za mwaka 1952 zilizokosa wanunuzi na kuyatupa baharini nje ya New York. Zilikuwa zimejaza ghala bure. Kilichotupwa baharini kama taka ndicho ambacho baadaye watu waligombania kwa mamilioni.

Je, karatasi ilibadilika? Hapana. Karatasi ni ileile, na kwa kweli imezeeka. Hapa ndipo tunapojifunza jambo la kwanza kuhusu mnada: bei haitoki ndani ya kitu. Kitu kinapowekwa mezani na mnadi akaanza kutaja dau, bei hupandishwa na mapenzi ya watu wawili wa mwisho wasiokubali kushindwa. Ikiwa mpenzi ni mmoja tu, kitu kilekile kitauzwa kwa bei ndogo. Wakulima wa kakao wa Kyela, ambao siku hizi mazao yao huuzwa kwa mnada, wanalijua hili vizuri: wakija wanunuzi wengi, mkulima anatabasamu, wakija wawili waliokwisha kupatana njiani, mkulima anarudi nyumbani kichwa chini. Lakini kakao ina watu wanaoila. Jezi kuukuu haina anayeila. Thamani yake yote ni kumbukumbu, na kumbukumbu huwa na bei pale tu kunapokuwa na watu wanaokumbuka.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca nchini Mexico, Diego Maradona aliifungia Argentina mabao mawili dhidi ya Uingereza, moja kwa mkono na jingine baada ya kuwapita mabeki kadhaa. Baada ya mchezo alibadilishana jezi na Steve Hodge wa Uingereza. Hodge aliitunza miaka mingi, kisha Mei 2022 ikauzwa na Sotheby's mjini London kwa pauni milioni 7.1, karibu shilingi bilioni 20 za wakati ule. Mwaka uleule wa 1986, timu ya Tukuyu Stars kutoka Rungwe ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Vijana wa mkoani kwetu, kutoka mji mdogo wenye mvua na migomba, waliwashinda vigogo wa Dar es Salaam. Wazee wengi wanaosoma ukurasa huu wanakumbuka furaha ile. Tunauliza: jezi za Tukuyu Stars za mwaka 1986 ziko wapi? Ngapi zilivaliwa shambani mpaka zikachanika? Ngapi zilipanguswa nazo baiskeli? Hatusemi zingeuzwa kwa mabilioni. Tunasema kwamba furaha ya watu wa Tukuyu mwaka ule haikuwa ndogo kuliko furaha ya watu wa Buenos Aires, na bado moja imetunzwa katika kabati la kioo na nyingine imetunzwa katika vichwa vya wazee tu, ambao kila mwaka tunawazika.

Kwa hiyo, kwa wale wanaoona kwamba vijana wanaleta takataka uwanjani, tunasema kwa upole: msiharakishe. Jezi ya zambarau ya Mbeya City ya msimu wa 2013/14, timu ilipomaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, si kitambaa tu. Ni Jumapili zile ambazo barabara ya kwenda uwanja wa Sokoine haikupitika. Anayeitaja bei yake hanunui pamba wala nailoni. Anasema kwamba siku ile ilikuwa na maana kwake.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya kidunia mno hata Kanisa lisiyaguse. Mwaka 2010, Masista wa Shule wa Notre Dame huko Baltimore, Marekani, walirithishwa mali na kaka wa mmoja wa masista wenzao. Katika mali hiyo ilikuwamo kadi ya Honus Wagner, imekatwa kingo na kukunjwa, ambayo marehemu alikuwa nayo tangu mwaka 1936. Masista ambao hata hawakuwa wafuatiliaji wa besiboli wakajikuta na karatasi ambayo mnadani dau lake lilifika dola 262,900 pamoja na ada ya dalali. Fedha zilikusudiwa kwa utume wao miongoni mwa maskini katika nchi nyingi. Na mwaka 2014 pikipiki ya Harley-Davidson aliyozawadiwa Baba Mtakatifu Fransisko, ikiwa na sahihi yake kwenye tangi, ilinadiwa mjini Paris. Wataalamu walikisia euro 12,000 hadi 15,000. Ikauzwa kwa euro 241,500, na fedha zikaenda Caritas ya Roma kwa ajili ya makazi na jiko la maskini karibu na kituo cha treni cha Termini. Pikipiki ambayo Papa asingeipanda imewalisha watu wenye njaa. Sisi hatuoni aibu katika hilo.

Basi, ikiwa mnada wa kumbukumbu waweza kufanya mema makubwa hivi, masharti ni ya nini? Ni kwa sababu mahali penye bei isiyo na mizani, shetani naye huleta kiti chake akaketi.

Sharti la kwanza ni ukweli. Katika miaka ya 1990, Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilifanya uchunguzi mkubwa juu ya sahihi bandia za wanamichezo, na genge zima la waghushi likafikishwa mahakamani. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa kulikuwa na mpira wa besiboli uliowekwa sahihi bandia ya Mama Teresa wa Kalkuta! Tunacheka, lakini tujiulize: aliyeghushi alijua kwamba yuko mtu ambaye, kwa kumpenda mtakatifu, angeacha kutumia akili. Mapenzi yetu ndiyo mlango anaopitia mwizi. Na si waghushi wadogo peke yao. Mmiliki wa nyumba ya mnada iliyokuwa maarufu kuliko nyingi katika biashara hiyo, William Mastro, alikiri mahakamani mwaka 2013 kwamba kampuni yake iliweka madau ya uongo ili kupandisha bei, na kwamba ile kadi ya Wagner iliyokuwa ghali kuliko zote alikuwa ameikata kingo ili ionekane mpya. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Kadi hiyo ilikuwa imenunuliwa mwaka 1991 kwa dola 451,000 na baadaye, mwaka 2007, kwa dola milioni 2.8.

Ndugu zangu, dau la uongo halihitaji kompyuta wala nyumba ya mnada ya Marekani. Hata katika minada ya makanisa yetu husikika kwamba kamati humpanga mtu asimame nyuma na kutaja bei asiyokusudia kuilipa, ili mfanyabiashara aliyeketi mbele apandishe zaidi. Husemwa kwamba ni kwa ajili ya ujenzi wa nyumba ya Mungu. Sisi tunasema ni uongo, na nyumba ya Mungu haina shida ya matofali ya uongo. Katika meza ya vijana, kila kitu kielezwe wazi: ni cha nani, kimetoka wapi, nani anashuhudia. Sahihi isiyo na shahidi iitwe sahihi isiyo na shahidi. Jezi iliyonunuliwa dukani mwaka jana isiitwe ya mchezaji. Na asipangwe mtu wa kupandisha bei, hata mmoja.

Sharti la pili ni kulipa. Ile kadi ya masista tuliyoitaja ina mwendelezo wake. Aliyeshinda kwa dau la dola 262,900 hakukamilisha malipo kwa wakati, na mwishowe kadi ikachukuliwa na daktari mmoja wa moyo aliyelipa dola 220,000. Masista walipata fedha zao, lakini kwa sababu alikuwapo mtu mwingine aliyetimiza neno. Hapa kwetu, anayeshinda kwa kelele na makofi kisha asionekane mpaka mwaka unaofuata si mgeni. Daftari la ahadi hujaa, sanduku hubaki jepesi. Aliyekosa kabisa alibaki nyumbani na heshima yake. Aliyeahidi mbele ya watu akala makofi bila kulipa amekula kitu ambacho si chake. Tunashauri kwamba kitu kisitoke mezani mpaka fedha iwe imepokelewa, iwe ni taslimu au kwa simu, na kwamba asiyelipa papo hapo kitu kipewe anayefuata kwa dau lake. Hapo kila mtu atataja kiasi alicho nacho, na makofi yatapigwa kwa fedha iliyopo.

Pia tunawaonya vijana wetu, ambao wengi wao wamezoea mikeka ya kubeti. Msinunue kitu mezani pale mkidhani mtakiuza kesho kwa bei mara kumi. Yule aliyeuza kadi ya Mantle kwa mamilioni ya dola alitoa dola 50,000 ambazo hakuzihitaji kwa mkate, akangoja miaka thelathini. Hatusikii habari za maelfu walionunua kadi nyingine ambazo leo hazina anayeziuliza. Anayetumia ada ya mtoto ya shule kununua mpira wenye sahihi, kwa tumaini la faida, amecheza kamari, hata kama mnadi alikuwa katekista.

Sharti la tatu ni kwamba mnada usimdhalilishe mdogo. Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda pale uwanjani. Wakubwa wawili wanashindania jogoo, bei inapanda mpaka jogoo anakuwa ghali kuliko mbuzi, watu wanashangilia. Hilo lina utamu wake, na hatulikatai kabisa, kwa maana furaha ya kutoa ni furaha. Lakini kisha mama mmoja anataja shilingi elfu moja kwa yale mayai matatu, na watu wanaguna. Bwana wetu aliketi akitazama watu wakitia sadaka, na macho yake hayakuvutwa na waliotia kingi. Aliona senti mbili za mjane, akazihesabu kuwa kubwa kuliko zote. Mnadi wetu naye aone kama Bwana alivyoona. Tunapendekeza kwamba katika meza ya vijana viwepo vitu vidogo ambavyo bei yake inaanzia chini kabisa, kama picha za timu za shule na tiketi kuukuu, na kwamba anayenadi asitaje jina la mtu wala cheo chake ili kumlazimisha apandishe. Mtu akiitwa "Mheshimiwa" mara tatu mbele ya kadamnasi, anachokitoa baada ya hapo kimetolewa na hofu ya aibu.

Sasa tufike katika kile kitu kimoja.

Mzee mmoja wa parokia yetu, ambaye hatutamtaja, aliichezea timu ya mkoa huu katika ujana wake, miaka ya themanini. Ameleta jezi aliyoivaa. Imeshonwa begani mara mbili, na namba mgongoni imebaki nusu. Pamoja nayo ameleta picha ya timu nzima, ambayo wengi waliomo wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Mzee huyu ni miongoni mwa wale ambao mfuko wa matibabu umekuwa ukiwasaidia kwa miezi kadhaa sasa. Amewaambia vijana kwamba hawezi kuendelea kupokea bila kutoa, na kwamba hana kitu kingine chenye thamani nyumbani mwake. Habari zimeenea, na tayari mtu mmoja kutoka nje ya mkoa amepiga simu akitaja fedha ambayo, kwa kusema kweli, meza yetu yote haitaifikia.

Vijana wanasema: tuuze. Mzee mwenyewe amependa, fedha ni nyingi, wagonjwa wapo. Hoja yao si nyepesi, na hatutaki kuipita kama haipo. Fedha ile ingelipa dawa za wazee kadhaa kwa muda mrefu. Anayesema isipokelewe lazima awe tayari kuwatazama wazee hao usoni.

Hata hivyo tunashauri jezi hiyo isiuzwe kwa namna hiyo. Kanisa lina uzoefu wa karne nyingi juu ya vitu vya kumbukumbu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1190, inakataza kabisa kuuza masalia ya watakatifu. Jezi si masalia, na mzee wetu atatucheka tukisema hivyo. Lakini hekima iliyo nyuma ya katazo hilo yaweza kutusaidia: kuna vitu ambavyo vimeshikamana na mwili na maisha ya mtu hata kuviwekea bei ni kumwekea bei yeye mwenyewe. Na tena, mtu anapouza kumbukumbu yake kwa sababu anaona aibu kuwa maskini, hatuwezi kusema tu kwamba amependa. Amependa kama anavyopenda kuuza shamba mtu ambaye mtoto wake yuko hospitali. Mkusanyaji aliyepiga simu hana kosa. Anapenda vitu vizuri na yuko tayari kulipa. Kosa litakuwa letu, jumuiya iliyomwachia mzee aamini kwamba ni lazima anunue haki yake ya kutibiwa.

Je, basi tumrudishie jezi na kumwambia hatuitaki? Hapana, maana huko ni kumwambia kwamba hana cha kutoa, na hilo ndilo linalomuumiza. Iko njia ya tatu, na tumeiona kwa wanamichezo wa Poland. Mwaka 2016, Piotr Małachowski, aliyepata medali ya fedha ya kurusha kisahani katika Olimpiki ya Rio, aliiweka medali yake mnadani ili mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa na saratani ya jicho apate matibabu. Mwaka 2021, Maria Andrejczyk, aliyekuwa ametoka kupata medali ya fedha ya kurusha mkuki Tokyo, na ambaye mwenyewe alikwisha kupona saratani ya mfupa, alifanya vivyo hivyo kwa ajili ya mtoto mchanga aliyehitaji upasuaji wa moyo. Kampuni ya maduka ya Żabka ilishinda mnada, ikatoa fedha, kisha ikamwambia abaki na medali yake.

Angalieni vizuri kilichotendeka. Zawadi ya dada yule haikukataliwa. Ilipokelewa, fedha zikaenda kwa mtoto, na aliyeinunua akampa zawadi yeye naye. Zawadi iliyopokelewa kisha ikarudishwa si sawa na zawadi iliyokataliwa mlangoni. Mtoaji anabaki mtoaji.

Pendekezo letu ni kwamba jezi ya mzee iwekwe mezani, inadiwe ya mwisho, na itangazwe wazi kabla ya dau la kwanza kwamba yeyote atakayeshinda anainunua kwa niaba ya parokia nzima: jezi itabaki kwa mzee maadamu yu hai, na baada yake wajukuu wake wataamua kama wataihifadhi nyumbani au wataiweka katika ukumbi wa parokia pamoja na ile picha na majina ya wote waliomo. Jumuiya zaweza kuunganisha fedha na kutaja dau moja. Yule ndugu wa nje ya mkoa naye anakaribishwa kwa masharti hayohayo. Tunajua kwamba huenda tukapata sehemu ndogo tu ya kile alichokitaja kwa simu. Tofauti hiyo ni deni letu kwa wagonjwa, na tunaomba kila jumuiya iliweke deni hilo katika mpango wake wa mwaka. Msimamo usiotugharimu kitu hauna nguvu ya kumfundisha mtoto.

Na kabla ya siku hiyo, tunawaomba vijana wakae na mzee, wamuulize majina ya walio pichani, wayaandike. Nani alikuwa kipa, nani alitoka kijiji gani, mechi ipi ilichezwa katika mvua. Kazi hiyo haihitaji dau. Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alimaliza mbio za marathoni za Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, akiwa wa mwisho kati ya waliofika, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Dunia inamkumbuka hata leo, wakati wengi waliomtangulia hawatajwi. Hakukumbukwa kwa sababu mtu alinunua bandeji ile. Alikumbukwa kwa sababu waliomwona walisimulia, na waliosimuliwa wakasimulia tena. Tusipowasimulia watoto wetu habari za Tukuyu Stars na za vijana wa picha ile, jezi hata ikikaa katika kioo itakuwa kitambaa chenye tundu begani.

Halmashauri ya Walei itakaa Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Viongozi wa jumuiya walete maoni ya watu wao, hata yanayopingana na haya yetu. Na kwa kila mmoja atakayekuja uwanjani siku ya mavuno tunaomba jambo moja: hesabu fedha zako ukiwa nyumbani, mbele ya mwenzi wako, kabla hujasikia sauti ya mnadi.